Pointi Moja Inayokufa Jumatatu

Jumamosi, 7 Februari

Sunderland. Mvua inapiga kwa ubavu. Nimefika na gari la mama, raketi nne, kichane cha ndizi na pointi moja.

Hiyo pointi niieleze, maana ndiyo mali yangu yote. Sisi wachezaji wa tenisi wa kulipwa tunaishi kwa pointi, na kila pointi ina umri wa mwaka mmoja, kisha inakufa. Yangu niliipata Februari iliyopita kwa kumshinda Mdenmaki aliyekuwa na homa. Inanipa nafasi ya elfu moja mia tisa na kitu duniani. Watu hucheka. Wacheke tu. Dunia ina watu bilioni nane na wengi wao hawamo kabisa.

Sasa inakufa. Jumatatu ya tarehe 16. Nisiposhinda mechi moja ya droo kuu hapa Sunderland, jina la Desmond Ollerenshaw linatoka kwenye orodha ya dunia, nami nabaki mtu wa Macclesfield mwenye miaka ishirini na tisa na mkono mmoja mnene kuliko mwenzake. Na ili niifikie hiyo droo kuu, lazima kwanza nivuke mchujo: mechi mbili, kesho na keshokutwa.

Tamsin ameandika. Klabu ya nyumbani inatafuta mwalimu wa tenisi, wastaafu katikati ya wiki, watoto Jumamosi. Mwenyekiti amemwambia kazi ni yangu nikiitaka. Hakuniuliza kama naitaka. Ameuliza kama Sunderland kuna baridi.

Mwaka jana, jikoni kwake, nilimwahidi kwamba siku jina langu likitoka kwenye orodha nitarudi nyumbani na tutaoana. Wakati ule pointi ilikuwa bado mbichi, mwaka mzima ulikuwa mbele yangu, nikaona nimeahidi jambo la mbali. Nadhani Tamsin anaijua tarehe 16 kuliko mimi.

Nimemjibu kwamba kuna baridi.

Chumba nimechangia na Fergus Dalgleish, Mskoti wa Dundee. Fergus hana pointi hata moja, hajawahi kuwa nayo, na analala vizuri sana. Kabla sijavua koti alikuwa ameshakula ndizi zangu mbili. Nilipomwuliza akasema, "Kaka, zilikuwa zinaniangalia."

Jioni, kwenye mkahawa wa ukumbi wa michezo, nimemkuta Owain Probert. Mtu wa Wales, mpole, mrefu, nafasi ya mia sita na kitu. Watu wa hadhi hiyo hawapiti mchujo, wanaingia droo kuu wakitembea. Alikuwa anaitazama simu yake na kushusha pumzi. Nikakaa. Akanieleza kwamba mchumba wake, Lowri, yuko kwao Carmarthen, hawajaonana tangu Krismasi, na safari hii amemwambia amechoka kuchumbiana na sauti ya simu.

Nikampa pole. Kisha wazo likanijia hadi nikaweka kikombe chini.

Iko hivi. Mtu wa droo kuu akijitoa dakika za mwisho, nafasi yake haiachwi wazi. Anapewa mmoja wa waliopoteza mechi ya mwisho ya mchujo. Tunamwita mshindwa mwenye bahati. Na wakiwa wengi, mwenye nafasi bora duniani anatangulia. Kwa hiyo, hata nikishindwa Jumatatu, bado kuna mlango, na kwenye huo mlango amesimama Owain Probert anayelilia nyumbani.

Sitaki kushindwa. Lakini mtu makini hujiwekea akiba. Nimemwambia Owain kwamba mapenzi hayana mechi ya marudiano. Sijui nilimaanisha nini, lakini aliitikia kwa kichwa kwa muda mrefu.


Jumapili, 8 Februari

Ushindi! Mechi ya kwanza ya mchujo, seti mbili bila jasho.

Kwa uaminifu wa shajara niandike kwamba mpinzani wangu alikuwa daktari wa meno wa Hartlepool, miaka arobaini na minne, aliyejiandikisha ili aje kuwasimulia wajukuu. Alicheka kila nilipomzidi. Tuliposhikana mikono wavuni akaniambia nina jino la nyuma linalohitaji kuangaliwa. Amelionaje? Akasema nafungua sana mdomo nikipiga mpira wa kuanzia.

Fergus naye amevuka kwenda mechi ya mwisho ya mchujo. Mpinzani wake hakutokea. Fergus alikaa kiwanjani robo saa, akala chapati zangu za viazi, akatangazwa mshindi. Amerudi chumbani akilalamika kuchoka.

Jioni, kazi na Owain. Nilimtafuta kwenye chumba cha mazoezi, nikapanda baiskeli ya pembeni yake. Nilikuwa nimeandaa mambo ya jumla: umri unakwenda, treni zipo, Wales ni nchi nzuri. Hayakumgusa. Akasema Lowri anajua alichumbiwa na mchezaji wa tenisi, si mkulima.

Ikabidi nibuni. Nikamwambia afikirie mwanamke anayerudi kazini jioni na koti linalonuka mbwa waliolowa, kwa sababu anafanya kazi kwa daktari wa mifugo. Anawasha birika kabla hajavua koti. Anashika kikombe kwa mikono miwili na kukipulizia hata kama kimeshapoa. Hakuna mtu wa kumwambia ni mbwa gani amepona leo. Basi anamwambia birika.

Owain aliacha kukanyaga baiskeli. Akasema Lowri anafanya kazi benki. Nikamwambia ni mfano tu.

Akaniuliza kama mimi nina mtu. Nikasema tenisi ndiyo mtu wangu. Akanitazama kwa huruma, jambo ambalo si sahihi, kwa sababu mwenye kuhurumiwa katika mpango huu ni yeye.


Jumatatu, 9 Februari

Nimeshindwa. Nieleze jinsi nilivyoibiwa kwa adabu.

Kwenye mchujo hatuna waamuzi wa mistari. Kila mtu anaamua mipira ya upande wake mwenyewe, kwa dhamiri. Mpinzani wangu alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwembamba, miwani, sauti ya kanisani. Kila nilipotangaza mpira wake umetoka nje, hakubisha hata mara moja. Alisogea wavuni taratibu akauliza, "Samahani sana, kaka. Una uhakika?"

Basi. Hayo tu. Mtu angenitukana ningemjibu. Lakini huyu aliuliza kama anayejali. Mara ya kwanza nilisema ndiyo. Mara ya pili nikasema nadhani ndiyo. Kufikia seti ya pili nilikuwa nauona mpira nje kabisa, karibu na chungu cha maua, namwambia samahani, ulikuwa ndani, pointi yako. Naye anasema hapana, samahani mimi. Tukaombana radhi hadi nikapoteza saba tano, sita nne. Mwishoni alinishukuru kwa uungwana wangu. Mama ndiye aliyenilea hivi. Nitamwambia.

Hata hivyo! Angalia hesabu ilivyokaa. Waliopoteza mechi ya mwisho ya mchujo ni wanane. Mwenye jina kwenye orodha ya dunia ni mmoja, na mmoja huyo ni mimi. Wengine, wasio na pointi, wamepangwa kwa kura, na wa pili ametoka Fergus. Kwa hiyo mtu yeyote akijitoa, naingia mimi. Nimekuwa mfalme wa walioshindwa.

Sharti ni moja. Kila asubuhi, kabla ya saa tatu na nusu, mshindwa anayetaka bahati aende kwa msimamizi wa mashindano akatie sahihi. Yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Msimamizi ni Bi. Maureen Thackray, mwenyeji wa hapa hapa, miwani kwenye kamba, thermosi ya chai mezani. Kama watu wote wa Sunderland, anamwita kila mtu mpenzi. Amenieleza sheria mara mbili. "Saa tatu na nusu, mpenzi. Saa tatu na nusu na dakika moja, hatujuani."

Fergus, aliyepigwa sita bila, sita moja, anasema naye atatia sahihi. Nilimwuliza ya nini. Akasema pale mezani kuna biskuti.

Ratiba imetoka. Owain anacheza Jumatano, na Mbelgiji. Ina maana nina leo na kesho.

Tamsin ameuliza mechi imekwendaje. Nimemjibu kwamba bado nimo kwenye mashindano, kwa namna fulani. Ameandika, "Namna gani?" Sijajibu.


Jumanne, 10 Februari

Nimetia sahihi wa kwanza. Kisha nimekaa mlangoni kutwa, viatu vimefungwa, raketi mapajani, nikiwaangalia wa droo kuu wanavyoingia. Nilitazama magoti. Nilitazama vifundo. Kijana mmoja alikohoa, nikamfuata hadi chooni kumwuliza hali.

Kufikia mchana Bi. Thackray aliniita pembeni. Akasema wachezaji watatu wamelalamika kwamba kuna mtu anawaambia wanaonekana wamechoka. Nikamwambia ni upendo wa kazi. Akasema, "Mpenzi, unawatia watu ugonjwa. Kakae."

Hakuna aliyejitoa leo. Wote wazima. Sijawahi kuona kizazi kigumu hivi.

Jioni nikamchukua Owain tukatembee ufukweni, kule Roker, upepo ukitupiga usoni. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Nilikuwa nimepanga kumwambia kuhusu miaka inavyopita, lakini upepo ule ulinichanganya, maneno mengine yakatoka.

Nilimwambia mwanamke anayesubiri huacha taa ya ukumbini ikiwaka, hata kama anajua huji leo. Si kwa ajili yako. Ni kwa ajili yake, asione giza pale unapopaswa kuwa umesimama. Nilimwambia kwamba mwaka mzima unaweza kupita mtu anakuuliza habari za hali ya hewa tu, kwa sababu akiuliza jambo lingine atalazimika kulisikia jibu. Nilimwambia kwamba ukilala vyumba vya kukodi muda mrefu, siku moja unaamka unanyoosha mkono, mkono unakuta ukuta, na unauomba ukuta radhi.

Nikajifuta macho. Upepo wa huku ni mkali.

Owain alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, mita moja na tisini. Akasema basi, anakwenda. Kuna treni ya asubuhi kutoka Newcastle. Akasema tenisi itamngoja, na isipomngoja basi. Nikamkumbatia. Ningeruka, lakini nilikuwa nimemkumbatia.

Tatizo dogo: hataki kumwambia Bi. Thackray mpaka awe ameketi ndani ya treni. Anasema akimwona yule mama usoni ataona haya na atacheza. Nimemwambia naelewa kabisa, na kwamba nitampeleka stesheni mwenyewe kwa gari la mama, nimfungie na mlango. Treni inaondoka mapema, nitarudi na muda wa kutosha kutia sahihi. Owain atapiga simu kutoka kwenye kiti chake. Nafasi itakuwa wazi. Nitaingia. Huyo Mbelgiji nimemwona akifanya mazoezi, anaburuta mguu wa kushoto.

Jina litabaki! Mwaka mwingine mzima.

Tulinunua samaki na viazi vya kukaanga. Sikuweza kula. Nilikuwa namfikiria Tamsin na ile taa yake. Nimemkumbuka sana leo, sijui kwa nini leo. Viazi amekula Fergus.


Jumatano, 11 Februari

Naandika nikiwa ndani ya gari, nje ya ukumbi. Sitaki kuingia.

Newcastle tulifika mapema. Tulisimama kwenye jukwaa la stesheni, Owain na begi lake kubwa kama jeneza. Treni haikuwepo. Kibao kikasema imechelewa. Nikasema si kitu. Kibao kikafikiri, kikasema imechelewa zaidi. Nikaangalia saa. Nikaangalia Owain. Owain alikuwa ameanza kuingiwa na baridi ya moyo. Akasema labda anakosea. Labda Lowri atamwona mjinga, mtu anayeacha kazi yake. Labda acheze leo, aende Jumapili.

Hapo ndipo nilipouona mtego, na aliyeutega ni mimi. Nikimwacha pale, atarudi, atacheza, hakuna nafasi. Nikibaki naye, nafasi itapatikana na mimi sitakuwa nimetia sahihi.

Nikaenda nyuma ya mashine ya kahawa nikampigia Bi. Thackray. Nikamwomba anitilie sahihi, niko njiani. Akasema hapana, mpenzi, sheria inataka macho yake yanione. Nikamwuliza kama macho yake yangekubali kuniona kwa video. Akasema macho yake, mpenzi, hayamo ndani ya simu. Akaniuliza niko wapi, mbona nasikia matangazo ya treni. Nikasema ni redio.

Nilipogeuka, Owain amesimama nyuma yangu. Sijui alisikia kiasi gani. Akasema, "Des, wewe si ulitakiwa ukasaini asubuhi? Unapoteza nafasi yako kwa ajili yangu, kaka. Haiwezekani. Twende, turudi wote. Nitacheza tu." Na kweli akalinyanyua begi. Mtu mwema namna ile ni wa hatari, anaweza kumharibia mtu mpango kwa wema.

Treni ikaingia wakati huohuo.

Nilikuwa na sekunde chache. Kila hesabu niliyoipiga ilinipa sifuri. Akirudi, sipati kitu. Akienda, sipati kitu. Sasa kama sipati kitu kwa vyovyote, akili ya kawaida ingesema mwache arudi, acheze, apate pointi zake, angalau mmoja wetu apate.

Nikamsukuma ndani ya treni. Begi nikalirusha nyuma yake. Nikamwambia kuna mtu ameacha taa inawaka, aende akaizime. Milango ikafunga. Akanipungia mkono kupitia kioo hadi treni ikapinda.

Nimefikiria njia nzima kwa nini nilifanya vile. Sababu ya kwanza: begi lilikuwa linaziba njia ya watu. Sababu ya pili sina.

Nilibaki pale jukwaani kidogo. Safari ya Carmarthen inapita Crewe, na ukishafika Crewe, Macclesfield ni karibu. Nilijikuta naangalia bei ya tiketi kwenye simu, wakati nina gari la mama nje. Sikuelewa.

Nimerudi saa nne na nusu. Bi. Thackray alinitazama juu ya miwani, akanimiminia chai kutoka kwenye thermosi yake. Akasema, "Ulikuwa wa kwanza kwenye foleni, mpenzi. Wa kwanza kabisa." Afadhali angenyamaza.

Owain alipiga simu kutoka kwenye kiti chake, kama alivyoahidi. Nafasi ikawa wazi. Wakaangalia nani ametia sahihi. Kiwanja namba tatu, sasa hivi ninapoandika, anacheza Fergus Dalgleish. Ana makombo ya biskuti kwenye fulana, nimeyaona kwa macho yangu kupitia kioo.


Alhamisi, 12 Februari

Jana Mbelgiji alijitoa katika seti ya kwanza. Mguu wa kushoto, kama nilivyosema. Mimi ndiye mtu pekee katika jengo zima niliyeujua ule mguu, na ushindi amepata Fergus, akiwa nyuma nne bila.

Fergus ana pointi. Jina lake litaingia kwenye orodha ya dunia. Ameniuliza orodha hiyo inatazamwa wapi, kwa sababu hajawahi kuifungua.

Leo amepigwa sita bila, sita bila, na akatoka kiwanjani anapiga mluzi. Usiku huu anataka tukanywe bia. Nilimwambia sina nafasi. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kaka, najua ilikuwa yako. Ningekuwa na namna ya kukupa, ningekupa." Nikasema haihamishiki. Akasema anajua, ameuliza kwa Bi. Thackray.

Ameuliza kweli. Nilimfuata Bi. Thackray kuthibitisha.

Tulikwenda kunywa bia. Si mtu mbaya. Ananiudhi hata zaidi kwa hilo.


Jumatatu, 16 Februari

Macclesfield, kwa mama.

Orodha imetoka asubuhi. Nimeifungua jikoni kabla mama hajashuka. Kila Jumatatu, mwaka mzima, nilikuwa kati ya Mbolivia mmoja na Mhungaria mmoja. Sijawahi kukutana nao. Tulikuwa na pointi moja moja, tunapanda pamoja na kushuka pamoja, nikawazoea kama majirani wa ukuta mmoja. Nilikuwa najiuliza kama yule wa Bolivia naye ana mtu anayemwuliza habari za baridi.

Leo wapo. Mbolivia, kisha Mhungaria. Hakuna pengo katikati. Nilidhani kutakuwa na dalili yoyote ya mtu aliyetoka. Nikashuka hadi mwisho wa orodha, nikapanda tena. Nikaandika jina langu kwenye sehemu ya kutafutia. Ikanijibu nihakikishe nimeandika sawasawa.

Nililia kidogo. Mama alishuka, akaona skrini, akaniwekea mayai mawili. Kisha akasema jana dukani alimkuta Tamsin, alikuwa amepunguza nywele, amependeza.

Jioni niliendesha gari kupita barabara yao. Taa ya ukumbini ilikuwa inawaka. Nikapita tena kuhakikisha ni ya ukumbini na si ya ngazi. Ilikuwa ya ukumbini. Gari lilikuwa na joto, moyo ulikuwa unanipiga kuliko kwenye mechi, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kishikio cha mlango. Ningebisha. Ningesema jina limetoka, nimekuja. Hayo tu. Maneno matatu.

Kisha nikakumbuka nilivyosema mwaka jana, neno kwa neno. Nilisema jina likitoka, nitarudi. Sikusema likitoka mara ya kwanza. Wachezaji wakubwa wametoka na kurudi, wengine mara mbili. Siwezi kwenda kumwoa mtu nikiwa sipo hata kwenye orodha. Atakuwa ameolewa na nani? Kwanza jina lirudi, ndipo litoke kwa heshima, ndipo niende kubisha.

Nikaliondoa gari. Sasa nimejiandikisha Glasgow.


Jumanne, 17 Februari

Asubuhi njema. Mpango mpya, na safari hii hauna tundu.

Owain ameniandikia kutoka Carmarthen. Lowri alimfungulia mlango, akamtazama, akamwuliza kama hilo begi linakaa au linapita. Owain akasema linakaa. Wataoana Septemba, nimealikwa. Atafundisha shule ya sekondari pale pale. Anasema hajawahi kulala vizuri hivi. Kisha ameandika jambo la ajabu: "Yule mwanamke wa mbwa na birika, Des, anakujua kwamba unamjua hivyo?"

Watu wa Wales wana mafumbo. Nimemjibu hongera.

Sasa Glasgow. Bila pointi, hata mchujo siingii moja kwa moja. Nimo kwenye foleni ya nje, wa nne. Watu wanne wakijitoa, naingia. Wengine wangekata tamaa. Mimi nimeanza kuchunguza majina. Mmoja, Anthony Wragg, alioa mwezi uliopita, mke yuko Leeds, na kwenye picha zake zote za mashindano anatabasamu kwa mdomo tu. Nitaanza naye. Kosa la Sunderland lilikuwa treni. Wragg ana gari lake.

Nimekaa mezani kwa mama tangu saa mbili, naandika nitakayomwambia. Ya Owain hayatafaa yote, Wragg ni mtu mgumu zaidi, anahitaji kitu cha ndani. Nimeandika kuhusu mke anayepunguza nywele na hakuna wa kumwonyesha, anakwenda dukani bila kuhitaji kitu, apate tu mtu wa kumwambia amependeza. Kwamba huyo mke hasubiri ushindi. Hajui hata orodha inasomwaje. Anachosubiri ni sauti ya gari kusimama nje, lisipite, lisimame.

Imetoka vizuri kuliko zote. Nilipokuwa katikati ya sentensi hiyo simu ililia. Tamsin. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Sikupokea. Ningepoteza maneno.